Namna ya Kusoma Jeneza la Marumaru la Kirumi

Mahujaji wa kwetu wanaofika Roma huingia Makumbusho ya Vatikani na hamu moja: kuiona dari ya Sistina. Wachache hugeuka kuingia sehemu iitwayo Pio Cristiano, iliyoanzishwa na Papa Pius IX mwaka 1854 katika jumba la Laterano na kuhamishiwa Vatikani katika karne ya 20. Humo yamepangwa majeneza ya marumaru ya Wakristo wa karne ya 3 na ya 4, na ni miongoni mwa michongo ya kale kabisa ya Biblia tuliyo nayo duniani.

Mara ya kwanza nilipoingia humo niliona msongamano tu. Watu wadogo wa mawe wamebanana bega kwa bega, huyu kashika fimbo, yule kapiga magoti, mwingine yu uchi kati ya simba wawili. Nilitoka nimechoka. Baadaye nikajifunza kwamba majeneza haya yana utaratibu wake wa kutazamwa, na ukiufuata, jiwe moja linaweza kukushika nusu saa. Utaratibu wenyewe ndio huu. Unafaa Vatikani, unafaa Arles kule Ufaransa, Ravenna, Istanbul, na unafaa hata ukiwa nyumbani na picha kwenye simu. Jambo moja lishike tangu mwanzo: mtafute kwanza mtu aliyelazwa humo, hadithi za ubavuni zitafuata.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Wataalamu huliita jeneza la namna hii sarkofagi, neno la Kigiriki lenye maana ya "mla nyama". Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba jiwe la Assos, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, lilimaliza mwili wa maiti kwa siku 40, likabakiza meno. Jina la jiwe hilo likawa jina la kila sanduku la mawe la kuzikia.

Warumi wengi wa karne ya 1 walichoma maiti na kuhifadhi majivu kwenye vyungu au vijisanduku. Mnamo karne ya 2, hasa tangu utawala wa Kaisari Hadrianus (117–138), desturi ya kuzika mwili mzima ilienea, na wenye fedha wakaanza kuagiza majeneza ya marumaru yaliyochongwa. Sheria yao ya kale ilikataza kuzika ndani ya mji. Kwa hiyo majeneza yaliwekwa katika nyumba za makaburi kando ya barabara kuu, na baadaye katika katakombe pia, yaani mahandaki ya kuzikia chini ya ardhi. Yaani jeneza halikufukiwa udongoni. Ndugu waliingia siku za kumbukumbu ya marehemu, wakala, wakamimina divai, na macho yao yakaiona michongo kwa mwanga wa taa ya mafuta. Ukilitazama chini ya taa nyeupe za makumbusho, kumbuka kwamba mchongaji alichimba vivuli vyake kwa ajili ya mwanga mdogo unaotikisika.

Hatua ya 2: Zunguka kabla ya kusimama

Usikimbilie ubavu wa mbele. Lizunguke jeneza lote, au pale ukuta unapokuzuia, chungulia pembeni. Hesabu ni pande ngapi zimechongwa, kwa sababu hesabu hiyo itakuambia lilikotoka.

Karakana za Roma zilichonga mbele na pande mbili fupi. Nyuma waliacha wazi kwa kuwa jeneza liliegemezwa ukutani, na hata zile pande fupi mara nyingi michongo yake ni ya juujuu, kama kazi iliyoachiwa fundi mdogo. Karakana za Athene zilichonga pande zote nne, zikaweka kifuniko chenye umbo la paa la nyumba au cha kitanda ambacho wenye kaburi wamekilalia kwa kuegemea kiwiko. Za Dokimeion, huko Frigia katika Asia Ndogo, nazo zilichonga pande nne, na kazi yao maarufu ni jeneza lililozungushiwa nguzo, kila mtu amesimama kati ya nguzo kama yuko mlangoni mwa jumba la kifalme. Makumbusho ya Istanbul yana moja kubwa la namna hiyo, lijulikanalo kwa jina la Sidamara.

Jiwe lenyewe lilisafiri. Mita moja ya ujazo ya marumaru ina uzito wa karibu tani 2.7, hivyo machimboni walilipunguza na kulikomba ndani kabla ya kulipakia melini. Chini ya bahari karibu na Taranto, kusini mwa Italia, imepatikana meli iliyozama na shehena ya majeneza ambayo michongo yake haijaanza.

Hatua ya 3: Tazama umbo na alama za zana

Maumbo ya kawaida ni mawili. Lipo sanduku la pembe nne, na lipo lenye ncha za mviringo kama beseni refu, ambalo liliigwa kutoka birika la kukanyagia zabibu. Hili la pili mara nyingi lina vichwa vya simba, mahali ambapo kwenye birika halisi juisi ingetokea. Kumzika mtu katika birika la zabibu ni kumkabidhi kwa Dioniso, mungu wa divai.

Utakutana pia na mengi ambayo ubavu wake umejaa mifereji iliyopinda kama herufi S, safu kwa safu. Mifereji hiyo imepewa jina la strigili, kile chuma kilichopinda ambacho wanamichezo walitumia kukwangua mafuta na vumbi mwilini. Jeneza la mifereji lilihitaji watu wachache wa kuchongwa, pengine mmoja katikati na mmoja kila pembe, kwa hiyo gharama ilikuwa nafuu. Wageni huyapita haya upesi. Mimi huyapenda, maana yule mtu mmoja wa katikati hana wa kumziba.

Kisha sogea, utazame nywele, ndevu na majani. Utaona vitundu vya duara vilivyopangwa mstari: hizo ni alama za keekee. Ndiyo, keekee ileile ya seremala, inayozungushwa kwa kamba. Kuna bamba la kaburi la mchongaji Mkristo aitwaye Eutropos, kutoka Roma, ambalo sasa liko Urbino, Italia. Limechorwa karakana yake: fundi ameelekeza keekee kwenye jeneza la mifereji lenye vichwa vya simba, na msaidizi anavuta kamba. Kadiri karne ya 3 ilivyosonga ndivyo keekee ilivyotumika zaidi, hadi nywele zikawa kama sega la nyuki. Ukiona patasi imelainisha kila kitu na matundu hayaonekani, fikiria kazi ya mapema au fundi wa gharama kubwa.

Hatua ya 4: Soma maandishi, hata kama hujui Kilatini

Maandishi huwa kwenye kifuniko, ndani ya kibao kidogo, au kwenye ukingo wa juu wa sanduku. Kilatini chake ni cha kurudiarudia, na maneno machache yatakufikisha mbali:

D M: kwa roho za waliofariki. Ni kifungu cha dini ya kale, ila Wakristo kadhaa nao walikichonga kwa mazoea.
VIXIT ANNIS: aliishi miaka. Hufuatwa na MEN, miezi, na D, siku.
B M: aliyestahili mema.
FECIT: aliitengeneza, yaani mtu aliyelipia kaburi. Jina lililo karibu na neno hili ni la mfiwa.
CONIVGI, FILIAE, MATRI: kwa mwenzi wa ndoa, kwa binti, kwa mama.
DEP: alizikwa tarehe fulani. Mara nyingi ni la Wakristo.
IN PACE: katika amani. Hili nalo hupatikana hasa kwa Wakristo.

Herufi V husimama pia kwa U. Tarehe huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka siku maalumu ya mwezi, na siku hiyo yenyewe huhesabiwa. VIII KAL SEPT ni siku ya nane kurudi nyuma kutoka tarehe 1 Septemba, yaani 25 Agosti. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko hatuna sababu ya kuuona utaratibu huu kuwa mgumu.

Hatua ya 5: Utafute uso

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae.

Katika kundi la watu waliochongwa, wengi wana sura za jumla, nzuri na zisizo na mwenyewe. Mmoja au wawili watakuwa na uso wa mtu halisi: kipara, mikunjo, masikio makubwa, nywele zilizosukwa kwa mtindo wa mwaka fulani. Huyo ndiye marehemu. Mara nyingi amewekwa ndani ya duara kama ngao au ndani ya gamba la kombe, au mbele ya pazia lililoshikwa na watoto wenye mabawa. Mke na mume hushikana mikono ya kuume. Gombo mkononi ni alama ya mtu aliyesoma.

Mitindo ya nywele inasaidia kukadiria umri wa jeneza, maana wanawake waliiga wake wa makaisari. Nywele nzito zilizogawanywa katikati na kuteremka kama wigi ni za zama za Julia Domna, aliyefariki mwaka 217. Kwa wanaume, ndevu zilienea tangu Hadrianus. Katikati ya karne ya 3 nywele zikakatwa fupi sana na ndevu zikawa za kuchomoza tu. Na tangu Kaisari Konstantino, mwanzoni mwa karne ya 4, kidevu kilichonyolewa kikarudi.

Wakati mwingine uso wa marehemu uliwekwa juu ya mwili wa mtu wa hadithi. Vatikani lipo jeneza kutoka Ostia, bandari ya kale ya Roma, la miaka ya 160 hivi, ambalo Gaius Junius Euhodus, kiongozi wa chama cha maseremala, alilitengeneza kwa ajili yake na mkewe Metilia Acte, kuhani wa kike wa Mama Mkuu wa miungu. Kilichochongwa ni kisa cha Alkestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe, hadi Herakles alipomrudisha kutoka kuzimu. Alkestis amepewa uso wa Metilia, na mume wa kisa hicho amepewa uso wa Euhodus. Seremala huyu hakuwa anasimulia ngano. Alikuwa anasema mke wangu alikuwa wa aina hii, na ningetaka arudi.

Halafu yapo majeneza yenye nyuso tupu. Kila kitu kimemalizwa hadi ukucha, ila mahali pa uso pana bonge la jiwe lililoparuzwa tu. Jeneza la Portonaccio, lililoko Palazzo Massimo jijini Roma, ni la namna hiyo: vita vikali vya mwishoni mwa karne ya 2, farasi wanaanguka, na jemadari wa katikati hana uso. Lile liitwalo la Kidogma, pale Pio Cristiano, lina mume na mke ndani ya duara, wote wawili hawana sura. Wataalamu hutoa sababu kadhaa. Jeneza lilinunuliwa likiwa tayari na mauti yakawahi kabla ya fundi; au wenyewe walikuwa hai bado na waliona ni uchuro kuchongwa sura kaburini; au waliobaki waliishiwa fedha. Ukiliona la namna hii, usiseme limeharibika. Pita kidole hewani kufuata ukingo wa kichwa na utaona kwamba patasi ilifika hapo ikasimama.

Hatua ya 6: Sasa soma hadithi

Fungua Biblia kwenye simu. Matukio hayapangwi kwa mfuatano, kwa hiyo usitafute mwanzo upande wa kushoto. Kila tukio limefupishwa hadi likabaki alama, nawe unatambua kwa kitu kimoja:

Mwanamume uchi, mikono juu, simba kila upande: Danieli.
Mzee mwenye kisu, mtoto amepiga magoti, mkono umetokea juu: Ibrahimu na Isaka.
Vijana watatu wenye kofia za ncha iliyopinda, ndani ya moto: Shadraka, Meshaki na Abednego. Wenye kofia hizohizo, wakiwa na zawadi mikononi, ni Mamajusi, kwa kuwa ndivyo Warumi walivyomvika kila mtu wa mashariki.
Mtu ndani ya kisanduku kidogo, na njiwa: Nuhu. Safina haina nafasi ya mnyama hata mmoja.
Kijana asiye na ndevu mwenye fimbo, mbele ya kibanda chenye maiti iliyofungwa sanda: Yesu na Lazaro.
Fimbo ikigusa mitungi: Kana. Ikigusa vikapu: mikate.
Mtu amejitwika kitanda: aliyepooza akapona.
Jogoo miguuni: Petro na kumkana Bwana.

Petro pia anaonekana akipiga mwamba na maji yakitoka, askari wakinywa. Usihangaike kutafuta sura na mstari, haumo katika Biblia. Ni masimulizi ya Petro kifungoni akiwabatiza walinzi wake.

Lakini aliye wa kutazamwa kwa muda mrefu kuliko wote ni Yona. Karibu hawamwonyeshi akihubiri Ninawi. Wanamwonyesha akitupwa baharini, akitapikwa, na juu ya yote akiwa amelala chini ya mtango, uchi, mkono mmoja umekunjwa juu ya kichwa. Mkao huo haukubuniwa kwa ajili yake. Kwa zaidi ya miaka 100 karakana za Roma zilikuwa zikichonga Endymion, kijana mchungaji aliyependwa na Selene, mungu wa mwezi, akalala usingizi usio na mwisho ili abaki kijana. Alilala hivyohivyo, mkono juu ya kichwa. Mteja Mkristo alipoingia dukani, fundi alikuwa tayari anaujua mwili wa mtu aliyelala salama. Akauongezea mtango juu na mnyama wa bahari pembeni. Mnyama mwenyewe si samaki wala nyangumi. Ana masikio, shingo ndefu na mkia uliojiviringisha, na alitoka kwenye visa vya kale vya Kigiriki. Katika jeneza la Santa Maria Antiqua, la mnamo 270, ambalo bado liko ndani ya kanisa hilo katika uwanja wa kale wa Roma, Yona huyo amelala jirani na mwanamke aliyeinua mikono kusali na mwanamume anayesoma gombo. Nyuso za hao wawili hazikumalizwa.

Utaona kinachounganisha matukio yote hayo: simba hawakula, moto haukuunguza, kisu hakikushuka, mnyama alitapika. Sala ya zamani ya Kanisa la Magharibi ya kumkabidhi anayekufa huomba hivyohivyo, mwokoe kama ulivyomwokoa Danieli katika tundu la simba, na hutaja Nuhu, Isaka na wale vijana watatu. Jeneza linasali badala ya mtu ambaye midomo yake imefungwa.

Usitafute Yesu msalabani, hutamwona. Ukutani mwa majeneza ya karne ya 4 msalaba ukionekana huwa mtupu, na juu yake shada lenye herufi X na P za Kigiriki, mwanzo wa jina Kristo, huku askari wawili wamesinzia chini. Pio Cristiano wanalo moja hivyo, la mnamo 350. Picha za Kusulubiwa zilianza kuchongwa waziwazi katika karne ya 5.

Hatua ya 7: Usiseme upesi kwamba ni la Kikristo

Mchungaji mwenye kondoo mabegani alichongwa na wapagani muda mrefu kabla ya kuwa Mchungaji Mwema. Mtu aliyeinua mikono alikuwa alama ya uchaji wa Kirumi. Watoto wenye mabawa wakivuna zabibu ni wa Dioniso, na ndio walioenea kwenye jeneza jekundu la Konstantina, binti wa Kaisari Konstantino, lililochongwa kwa jiwe gumu la porfiri kutoka jangwa la mashariki mwa Misri. Kwa hiyo dai ushahidi zaidi: tukio la Biblia, X na P, au IN PACE. Vikikosekana vyote, andika tu "mchungaji".

Hatua ya 8: Angalia mikono ya baadaye

Pua, vidole na vichwa vingi ni vya warekebishaji wa karne za karibuni. Tafuta mstari mwembamba wa kiungio na marumaru yenye rangi tofauti kidogo. Tundu la duara karibu na kitako maana yake jeneza liligeuzwa birika la maji bustanini au la kunyweshea mifugo. Mengine yalipata wafu wapya: Beatrice, aliyefariki mwaka 1076, mama wa Matilda wa Canossa aliyetawala Toscana, alizikwa Pisa katika jeneza la Kirumi lenye kisa cha Kigiriki cha Phaedra na Hippolytus.

Hatua ya 9: Jaribu kwa Junius Bassus

Jeneza lake halisi liko katika hazina ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Pio Cristiano wana nakala ya plasta. Anza na ukingo wa juu. Maandishi yanasema Junius Bassus aliishi miaka 42 na miezi 2, na akiwa bado katika ukuu wa mji wa Roma, NEOFITVS IIT AD DEVM, akiwa amebatizwa karibuni alikwenda kwa Mungu. Tarehe ni ile VIII KAL SEPT uliyokwisha kuihesabu, mwaka 359. Mkuu wa mji, mtu aliyehukumu kesi, amefariki akiwa kazini.

Sasa shuka. Safu mbili, matukio 10, kila moja kati ya nguzo. Juu: Isaka, Petro amekamatwa, Kristo kijana kwenye kiti cha enzi, Kristo amekamatwa, Pilato amekaa, ameelekeza uso pembeni, na mtumishi anamletea maji ya kunawa. Chini: Ayubu, Adamu na Eva, Yesu anaingia Yerusalemu juu ya punda, Danieli, Paulo anapelekwa kuuawa. Danieli huyo amevaa nguo kwa sababu ni wa kubandikwa baadaye. Tazama chini ya miguu ya Kristo wa juu: mzee mwenye ndevu ameshika shuka iliyofutuka juu ya kichwa chake. Ni Caelus, mungu wa anga wa Kirumi, amefanywa kibao cha kukanyagia. Kisha mtazame Pilato tena, ukijiuliza Bassus, hakimu mkuu wa Roma, alijisikiaje kumwona hakimu huyo kila siku akilini mwake. Mwisho nenda pande fupi, ambako watalii hawaendi, uwakute watoto wakivuna zabibu.

Ukiwa nyumbani, fungua picha za Metropolitan Museum of Art la New York, utafute jeneza la Endymion la mwanzo wa karne ya 3. Lina umbo la birika, na mbele Selene anashuka kwenye gari lake kumwendea kijana aliyelala. Usianze naye. Panda kifunikoni, kuza picha, utafute MATRI. Aninia Hilara alilitengeneza kwa ajili ya mama yake, Claudia Arria, mama asiye na kifani, aliyeishi miaka 50 na miezi 10. Sura ya Arria imechongwa hapohapo kwenye kifuniko. Itazame, ndipo ushuke kwa Endymion.